Nilikula baklawa, nikatema ukweli

Mmezoea kuniona kwenye kona hii nikiwachambua wengine: masela wa vijiweni, masista duu wa kwenye daladala, wazee wanaojipaka piko ili waonekane vijana. Wiki hii sina wa kumchambua. Kasheshe ni yangu mwenyewe, na nawaambia mapema kabisa kwamba hadi naandika haya mimi ni mtu mwenye deni.

Kisa kilianza kwa simu ya Mama. "Dada yako amerudi kutoka Maskati. Na Jumamosi tuna wageni, uje." Wageni wenyewe ni wakwe watarajiwa kutoka Kasulu, walikuwa wanakuja kumposa mdogo wetu wa mwisho. Mtu mwingine angeruka kwa furaha, dada karudi, mdogo anaolewa, pilau lipo. Mimi tumbo lilinikata. Kwa nini? Tulieni, nitafika.

Basi bwana, nikapanda basi. Kutoka Dar hadi Kibondo si sawa na kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni. Unakatiza Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, unafika Nyakanazi kiuno kimekufa ganzi, ndipo unakata kushoto kuelekea Kakonko, halafu Kibondo. Kwetu ni upande wa Nduta. Nikilitaja jina hilo mjini watu huniuliza kama mimi ni mkimbizi. Ni kweli, Nduta imejulikana duniani kwa sababu ya kambi, ile iliyofunguliwa tena Oktoba 2015 kupokea ndugu zetu Warundi. Lakini Nduta ni pori pia, ni mashamba ya muhogo, maharage na karanga, ni mizinga iliyotundikwa juu ya miti. Asali ya kwetu ukishailamba, ile mnayouziwa barabarani mjini utaiona maji ya sukari. Tofauti yetu na mjini ni ndogo tu: kwetu mzinga hutundikwa, mjini mzinga hupigwa. Na mimi, siwafichi, katika kupiga mizinga sijambo.

Nimefika jioni, nikamkuta dada amekaa kwenye mkeka uani, amenenepa kidogo, kavaa baibui. Shikamoo Mama, shikamoo dada. Majirani nao walishajaa. Mnajua mtu akirudi kutoka Uarabuni watu hutegemea nini: dhahabu shingoni, runinga ya kufunika ukuta mzima, kila mtoto na kiatu chake. Dada alikuwa na begi moja la nguo na boksi moja la bati lenye maandishi ya Kiarabu. Akalifungua, akalizungusha. Ndani yake vipande vidogo vimepangwa kama matofali ya mwanasesere, vinang'aa kwa shira, juu vimenyunyiziwa unga wa kijani.

Mama mmoja jirani akachukua kimoja, akakitazama juu na chini, akasema kwa ile sauti ya kujifanya ananong'ona: "Miaka miwili Uarabuni, karudi na boksi la maandazi?" Mwenzake akadakia: "Waarabu wamemla jasho huyo. Si mnasikia habari zao?" Mama yangu akainama, akawa anachezea upindo wa khanga yake.

Nami nikachukua kipande. Wee, acha tu! Ukikiuma, juu kinalia kama jani kavu, karakacha! Halafu jino linazama kwenye karanga zisizo karanga, ambazo baadaye niliambiwa ni pistachio. Chini kabisa ulimi unakutana na shira imejificha inakusubiri. Unaweza kuhesabu tabaka kwa ulimi: kavu, laini, kavu, laini, tamu. Nikala cha pili. Nikala cha tatu. Dada akaniangalia akacheka, akasema, "Inaitwa baklawa, mdogo wangu. Kula, nimekuletea wewe."

Nilipokuwa namalizia cha nne, majirani walikuwa bado wanawalaani Waarabu. Nikanyamaza kimya. Maana aliyelila jasho la dada yangu hakuwa Mwarabu. Alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anajilamba vidole.

Sasa nimefika pale tumbo lilipokatikia. Dada alipokuwa Maskati mshahara alilipwa. Kila alipopata, alinitumia mimi kwa njia ya simu, kwa sababu ndiye msomi wa familia, ndiye mjanja wa mjini, tena ndiye ninayeandika gazetini, mtu wa kuaminika. Lengo lilikuwa kiwanja Kibondo mjini, ajenge fremu mbili, moja apangishe, moja afungue biashara yake ya vyakula. Mara ya kwanza nilichukua elfu hamsini nikalipe kodi ya chumba, nikajisemea nitarudisha mwisho wa mwezi. Mara ya pili nikanunua suti ya harusi ya mshikaji wangu. Baada ya hapo nikaacha hata kujidanganya kwamba nitarudisha. Wikiendi zikawa za kujirusha, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema "mhudumu, leta nyingine hapa." Mpaka dada anapanda ndege kurudi nyumbani, nilikuwa nimekula Sh. 3,200,000. Kiwanja? Nilimtumia picha. Nimesimama katikati ya majani, nimeshika panga, nacheka. Kilikuwa kiwanja cha mtu, huku huku Dar.

Usiku ule dada aliniuliza mara moja tu. "Kiwanja chetu kikoje?" Nikamjibu kwamba kiko poa, nyasi zimeota tu. Akasema haya, akaenda kulala.

Kesho yake Ijumaa Mama alikuwa anahangaika atawapa nini wageni baada ya chakula. Dada akasema, "Nitatengeneza baklawa." Mama akaguna. Unga wa ngano upo, lakini hizo pistachio mtazitoa wapi hapa Nduta? Na oveni je? Dada akacheka. "Karanga zipo, asali ipo, makaa yapo. Huyu msomi atanisaidia." Akawafukuza wengine wote jikoni, tukabaki wawili.

Ndipo akaanza kunisimulia, mikono ikiwa ndani ya unga. Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa na bibi mmoja mzee, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka na wazazi wake akiwa mtoto baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha visiwani, cha "yakhe" na "ati". Wakawa wanazungumza wao wawili jikoni. Bibi alimwambia kitamu cha Oman hasa ni halua, ile inayokorogwa kwenye sufuria kubwa la shaba na kuliwa na kahawa chungu, ambayo Wazanzibari nao wanaijua vizuri. Baklawa ni mgeni, asili yake ni ya juu huko, Uturuki na Shamu. Lakini mgeni huyo akiingia nchi yoyote hula alichokikuta. Waturuki wa Gaziantep hutia pistachio. Wagiriki hutia jozi na asali. Wairani hupenda lozi na iliki. "Basi Waha watatia karanga," bibi akamwambia, "na nani atawakataza?"

Mimi kwa sababu ya ushamba wangu wa kupenda kujua, nimeifuatilia habari hii niliporudi mjini. Kumbe kitafunwa hiki kina makuu yake! Enzi za masultani wa Uturuki, kila ifikapo tarehe 15 ya Ramadhani, askari wa kikosi cha Janissary walikuwa wakiandamana hadi kasri la Topkapi, Istanbul, kupokea sinia za baklawa kutoka jiko la Sultani, sinia moja kwa kila askari kumi. Walizibeba kwa gwaride, watu wamejipanga barabarani kutazama. Mambo hayo yaliisha kikosi chenyewe kilipovunjwa mwaka 1826. Waturuki na Wagiriki mpaka leo wanagombea ni ya nani. Mwaka 2013 baklawa ya Gaziantep ilisajiliwa na Umoja wa Ulaya, kwamba si kila mtu tu anaweza kuliuza jina hilo huko. Sasa wewe unaiita andazi!

Turudi jikoni. Dada alikanda unga wa ngano na chumvi, mafuta kidogo na maji, akaufunika kwa kitambaa kibichi, tukauacha upumzike saa nzima. Mimi nikapewa karanga: kukaanga, kumenya, kutwanga kwenye kinu. "Zisiwe unga, ziwe chenga," alisema. Nikachanganya na sukari kijiko na iliki. Kisha akakata madonge madogo madogo, akasukuma kila donge liwe kama sahani, akazipanga moja juu ya nyingine, katikati akinyunyiza unga wa muhogo zisishikane, halafu akazisukuma zote kwa pamoja mpaka zikawa kama karatasi. Wale wa pwani mtakumbuka manda za sambusa. Ni ndugu wa karibu. Dada aliniambia mjini ukiwa mvivu unaweza kununua manda zilizokwisha tengenezwa, na baklawa ikatoka vizuri tu.

Kazi yangu ikawa kupaka samli. Manda moja, samli. Manda ya pili, samli. Na kila manda ilikuja na swali lake.

"Kiwanja kiko mtaa gani?"

Nikasema kile kimtaa cha karibu na soko. Samli.

"Mwenyekiti wa mtaa alisaini?"

Alisaini. Samli.

"Majirani wa kiwanja ni akina nani?"

Hapo brashi ilianza kutetemeka. Nikasema watu wa kawaida tu, wakulima. Tukafika manda ya kumi, akamwaga karanga, akaanza manda nyingine kumi juu yake. Wasomaji wangu, nimewahi kuulizwa maswali kituo cha polisi, sikutoka jasho kama lile. Maana dada hakukasirika hata kidogo. Alikuwa anauliza kama mtu anayehesabu tabaka zake, anataka kujua zimefika ngapi.

Akakata vipande kabla ya kuoka, mshazari, kama tunavyokata kashata. Sufuria ikawekwa jikoni, mfuniko juu, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Dakika arobaini hivi, nyumba nzima ikanukia samli, watoto wa jirani wakaanza kuchungulia mlangoni. Upande wa pili asali yetu ya Nduta ilishachemshwa na maji kidogo, ndimu na iliki, ikaachwa ipoe. Hapa ndipo wengi wanapochemka: kimoja kiwe moto, kingine kiwe baridi. Baklawa ikitoka motoni, shira iwe imepoa. Ukivichanganya vyote vya moto, unapata uji.

Dada akafunua sufuria. Rangi ya dhahabu. Akanipa bakuli la asali, akasema, "Mimina, taratibu, ifuate mistari."

Nikamimina. Ikalia, shwaaa, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Na mimi katikati ya mlio huo nikasema: "Dada, kiwanja hakipo."

Akasema, "Usisimame. Ukisimama itaingia upande mmoja."

Nikaendelea kumimina, nikaendelea kusema. Kodi ya chumba, suti, wikiendi, picha ya uongo. Nilitaja hadi jumla. Bakuli lilipokwisha na mimi nilikuwa nimekwisha.

Akachukua lile bakuli, akalikwangua kwa kidole, akalamba. Kisha akasema: "Nilijua tangu ile picha. Nyuma yako kulikuwa na mnazi. Kigoma michikichi sawa. Lakini Kibondo kuna minazi tangu lini, mdogo wangu?"

Yaani nilijiona mjanja wa mjini, nikaumbuliwa na mti!

Ndiyo maana hela za miezi miwili ya mwisho sikuziona, alizishika mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini hakunifokea kwenye simu, au juzi mbele za watu. Akanijibu: "Ningekufokea, ungenipa uongo mwingine. Nilitaka uniambie kwa mdomo wako. Ningekusubiri mpaka Jumapili, halafu ningemwambia Mama." Akafunika sinia kwa kitambaa safi. "Hii nayo hailiwi leo. Inakaa mpaka asubuhi, asali ipite tabaka zote. Ukiila sasa hivi utasema dada hajui kupika."

Usiku sikulala.

Jumamosi asubuhi wageni wakaingia. "Mwakeye!" "Mwakeye neza!" Wakakaribishwa, wakala wali na kuku, mazungumzo ya mahari yakaanza. Mshenga wao alikuwa mzee mmoja mwembamba, mdomo kama cherehani, anajua kupunguza bei huyo! Kila Baba Mdogo akitaja kiasi, mzee anakohoa, anataja ukame, anataja ada za shule. Dada akaingia na sinia. Mzee akachukua kipande, akauma. Kimya. Baba Mdogo, mjanja naye, akataja kiasi kilekile cha mwanzo. Mzee akainua mkono kutaka kupinga, lakini karanga zilikuwa zimeganda kwenye meno na asali imemziba. Akatikisa kichwa, watu wetu wakapiga vigelegele wakidai amekubali! Alipokwisha meza, akacheka mpaka machozi, akasema haya, mmeniweza, lakini niambieni hizi ni karanga za wapi. Akaambiwa ni za shamba lile analoliona dirishani. Hakuamini. Aliomba afungiwe vipande sita ampelekee mkewe Kasulu.

Yule mama jirani wa "boksi la maandazi" naye alikuwepo. Alikula vitatu. Hakusema kitu.

Wageni walipoondoka nilimwendea Mama nikamweleza. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mimi na majirani tumewalaani watu wa watu hapa uani kwangu, na wewe unasikia. Sasa nikawaambie nini?" Nikakosa jibu. Akaniambia basi nenda mwenyewe. Nikaenda, nyumba kwa nyumba, kama mgombea wa udiwani, nikisema kwamba dada alilipwa, aliyekula ni mimi. Kuna nyumba moja waliniambia niingie ndani nirudie vizuri, babu hakusikia.

Hukumu ya dada ilikuwa fupi. Kwanza nimnunulie oveni ya mkaa, ile ya bati yenye milango miwili. Pili, Sh. 150,000 kila mwezi mpaka zitimie Sh. 3,200,000. Nimepiga hesabu: ni miezi ishirini na mmoja na chenji. Oveni nimeshaituma. Mwezi wa kwanza nimelipa, wa pili nimelipa nikala mihogo ya kuchemsha wiki mbili. Mkiniona sipo viwanjani Ijumaa msiulize.

Dada ameanza na hela zake za ile miezi miwili. Anatengeneza sinia mbili kwa wiki, anauza kipande kimoja kimoja Kibondo mjini, na yule mshenga alishaagiza sinia nzima kwa ajili ya harusi. Kiwanja bado. Lakini watu walikosea waliposema amerudi mikono mitupu. Hela nilizila mimi. Kile alichojifunza kwenye jiko la yule bibi nisingeweza kukila hata kama ningetaka, kwa sababu kilikuwa kwenye mikono yenyewe.

Kwenu mlio na ndugu wa nje wanaowatumia mshiko: ukishatumwa kununua kiwanja, nunua kiwanja. Na ukishindwa, ukaamua kupiga picha ya uongo, basi angalau angalia miti.

Kwa mnaotaka kujaribu wikiendi hii: manda nyembamba, samli kila tabaka, karanga chenga, kata kabla ya kuoka, mimina shira baridi juu ya baklawa ya moto, na uiache mpaka asubuhi. Ukiona huwezi kusubiri, kanunue kashata.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Nitakuwa nimebakiza miezi kumi na tisa.